Beaufoy & Co.

Beaufoy & Co. ilikuwa kampuni ya kutengeneza siki mjini London, Uingereza. Ilianzishwa katikati ya karne ya 18 na Mark Beaufoy katika eneo la Lambeth, upande wa kusini wa mto Thames. Iliendeshwa na ukoo mmoja kwa karibu miaka 200, hadi ilipoungana na watengenezaji wengine katika miaka ya 1930.

Chapa ya Beaufoy haipo tena madukani. Hata hivyo, historia yake ina mambo mengi yasiyotarajiwa katika biashara ya siki. Ndani yake mna mvutano wa dini na serikali, mjadala kuhusu meli za watumwa, mwanzo wa safari za Wazungu kuelekea bara la Afrika, shule za watoto maskini na madai ya wafanyakazi ya kufanya kazi saa nane kwa siku.

== Chanzo ==

Mark Beaufoy (1718–1782) alikuwa mfuasi wa Marafiki, yaani Wakweka, madhehebu ya Kikristo yaliyoanzishwa Uingereza katika karne ya 17. Wasomaji wa Afrika Mashariki huyafahamu kupitia Kanisa la Marafiki la magharibi mwa Kenya, ambalo misheni yake ya kwanza ilifunguliwa Kaimosi mwaka 1902. Marafiki wa wakati huo walikataa kula kiapo, walikataa vita, na wengi wao hawakuruhusiwa kusoma vyuo vikuu wala kushika nyadhifa za serikali. Kwa sababu hiyo vijana wao wenye akili waliingia katika biashara: benki, chuma, dawa, na baadaye chokoleti.

Simulizi za ukoo husema kwamba Mark alianza kujifunza kazi ya kukereka pombe kali, akaiacha kwa kuchukizwa na yale aliyoyaona. Ulikuwa wakati ambapo gin ilikuwa rahisi kupita kiasi mjini London, nayo iliharibu nyumba nyingi za maskini. Bunge lilitunga sheria kadhaa za kuizuia, ikiwemo ile ya mwaka 1751. Inafaa kukumbuka hapa kwamba gin na siki ya kimea hutoka kwenye chungu kimoja. Kimea cha shayiri hulowekwa katika maji ya moto na kuchachushwa kwa hamira, na kinachopatikana ni kinywaji kinachofanana na bia. Kikikerekwa kwa moto huwa pombe kali. Kikiachwa kipate hewa huwa siki. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kazi ya kukereka hakuwa na haja ya kuanza upya ili awe mtengenezaji wa siki. Alihitaji tu kuchukua njia nyingine baada ya pipa la hamira.

Mke wake, Elizabeth, alikuwa binti wa Capel Hanbury, mtengenezaji wa sabuni wa Bristol. Ndiyo maana jina Hanbury hurudiarudia katika vizazi vilivyofuata. Jina Mark nalo hurudiarudia, hivyo msomaji asimchanganye mwanzilishi na mwanawe Mark aliyekuwa kanali, wala na Mark Hanbury aliyekuwa mbunge miaka 100 baadaye.

Kiwanda kilikuwa Cuper's Gardens, mahali palipokuwa bustani ya starehe yenye muziki na fataki kabla ya kufungwa. Mwandishi Thomas Pennant alikitembelea, akakieleza katika kitabu chake kuhusu London kilichotolewa mwaka 1790. Alishangazwa na mapipa mawili. Moja lilijaa mvinyo mtamu na lilikuwa na ujazo wa galoni 58,109. La pili lilijaa siki, galoni 56,799, yaani zaidi ya lita 200,000. Kwa hesabu yake, hata lile la siki lililipita pipa maarufu la Heidelberg, Ujerumani.

Mvinyo huo haukutoka katika zabibu mbichi bali ulitengenezwa humo humo Uingereza kwa zabibu kavu na sukari. Biashara hizo mbili zilifaana. Makapi ya zabibu kavu, yaani vikonyo na maganda, yalijazwa katika mapipa ya siki ili kuichuja na kuifanya iwe angavu.

== Namna siki ilivyotengenezwa ==

Badiliko la kileo kuwa siki hufanywa na bakteria wa hewani. Wanapokutana na kileo na oksijeni, huunda asidi asetiki na maji. Watengenezaji wa karne ya 18 hawakujua habari za bakteria. Louis Pasteur wa Ufaransa ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1860 kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai. Lakini kwa uzoefu watengenezaji walijua mambo matatu: hewa inahitajika, joto la wastani linahitajika, na pipa lililokwisha kutoa siki nzuri hutoa siki nyingine kwa urahisi zaidi.

Njia ya zamani zaidi ilihitaji kiwanja kikubwa. Mapipa yalipangwa kwa mamia nje, yakiwa na tundu upande wa juu ili hewa iingie. Tundu hilo liliachwa wazi siku ya jua na kufunikwa kwa kigae mvua iliponyesha. Kazi ilianza majira ya kuchipua na kuchukua miezi kadhaa. Kwa kuwa jua la London si la kutegemewa, wengine waliweka mapipa katika vyumba vilivyopashwa moto kwa majiko.

Katika karne ya 19 ilienea njia ya haraka iliyotoka Ujerumani. Pipa refu lilijazwa vijiti vya mti wa birch au randa za mbao. Kinywaji kilinyunyizwa juu yake kidogo kidogo huku hewa ikipanda kutoka chini. Bakteria waliokaa juu ya mbao walipata hewa na chakula kwa pamoja, na miezi ikageuka kuwa siku au wiki.

Ukali wa siki ulitajwa kwa namba. Siki ya namba 24, kwa mfano, ni ile ambayo aunsi moja yake huhitaji nafaka 24 za kabonati ya sodiamu ili asidi yake iishe. Hiyo ni karibu asilimia 6 ya asidi. Nafaka hapa ni kipimo kidogo cha uzito cha Kiingereza. Ukali ulikuwa pia jambo la serikali, kwa sababu siki ilitozwa ushuru na maofisa walikuwa wakiingia viwandani kupima mapipa. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1844.

Kulikuwa na jambo lingine lililowatia doa watengenezaji wote. Sheria ya Uingereza iliruhusu kuongeza tindikali ya salfuri katika siki, sehemu moja kwa kila sehemu elfu, kwa imani kwamba siki haitakaa bila hiyo. Imani hiyo haikuwa na msingi, kwani siki iliyotengenezwa vizuri hukaa yenyewe. Ruhusa hiyo iligeuka mlango kwa wauzaji wasio waaminifu, waliopunguza siki kwa maji kisha wakarudisha ukali kwa tindikali. Daktari Arthur Hill Hassall alichunguza vyakula vya London kwa darubini na kwa kemia kuanzia mwaka 1851, na siki ilikuwa mojawapo ya vyakula alivyovifichua. Kazi yake ilisaidia kuleta sheria za kwanza za kuzuia vyakula bandia, za mwaka 1860 na 1875.

== Mwana wa mtengeneza siki Bungeni ==

Wana wa mwanzilishi hawakubaki kiwandani wote. Henry Beaufoy (1750–1795) aliingia Bungeni mwaka 1783. Aliacha Marafiki na kujiunga na Kanisa la Anglikana, kwani bila hivyo asingeweza kuwa mbunge, lakini hakuwasahau watu aliokulia kati yao. Mwaka 1787 alipeleka hoja ya kufuta sheria zilizowazuia Wakristo wasio Waanglikana kushika madaraka. Alishindwa kwa kura 98 dhidi ya 176. Alirudi na hoja hiyo mwaka 1789 akashindwa tena, safari hii kwa kura 20 tu: 102 dhidi ya 122. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1828, miaka 33 baada ya kifo chake.

Mwaka 1788 mbunge William Dolben alileta muswada wa kupunguza idadi ya watu waliosongamanishwa katika meli za watumwa za Kiingereza. Henry Beaufoy alikuwa miongoni mwa waliousemea kwa nguvu, na muswada ukapita ukawa sheria. Siki ilikuwa sehemu ya habari hizo. Mashahidi wa wakati huo walieleza kwamba vyumba vya chini vya meli hizo, ambamo watu walifungwa minyororo wiki nyingi, vilisuguliwa na kunyunyiziwa siki ili kupunguza uvundo na maradhi. Jeshi la majini nalo liliitumia hivyo hivyo katika meli zake. Wenye biashara ya utumwa walipenda kutaja usafi huo kama dalili ya wema wao. Sheria ya Dolben haikufuta biashara yenyewe. Biashara ya watumwa katika meli za Uingereza ilipigwa marufuku mwaka 1807.

Mwaka huo huo wa 1788, tarehe 9 Juni, watu kadhaa walikutana katika hoteli moja ya London wakaunda chama cha kuchunguza bara la Afrika, kilichojulikana kwa kifupi kama African Association. Mtu mkubwa katika chama hicho alikuwa Joseph Banks, na Henry Beaufoy akawa katibu wake. Yeye ndiye aliyeandika taarifa za kwanza za chama, akikusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara na wasafiri wa Afrika ya Kaskazini. Chama kilimtuma John Ledyard, aliyefia Cairo, kisha Daniel Houghton, na mwaka 1795 Mungo Park aliyefika mto Niger.

Mwaka 1831 chama hicho kiliunganishwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Jumuiya hiyo ndiyo iliyowatuma Richard Burton na John Speke, walioanza safari Zanzibar wakafika Ujiji mwaka 1858. Kwa wanafunzi wa historia ya Afrika Mashariki, mnyororo huo una maana. Safari ambazo baadaye zilifungua njia kwa wakoloni zilianza katika kamati ndogo ambayo katibu wake alilelewa kwa fedha za siki, na aliyepinga, angalau kwa sehemu, biashara ya kuuza watu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika mtu mmoja.

== Kanali Mark na mlima ==

Mdogo wake Henry, Mark Beaufoy (1764–1827), alikuwa mwanasayansi zaidi kuliko mfanyabiashara. Mnamo Agosti 1787 alipanda Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alpi, siku chache tu baada ya Mswisi Horace-Bénédict de Saussure. Alikuwa Mwingereza wa kwanza kufika kileleni. Baadaye aliingia katika wanamgambo wa Tower Hamlets akawa kanali, jambo la ajabu kwa mtoto wa madhehebu yaliyokataa vita.

Kazi yake kubwa ilikuwa majaribio ya kuvuta vitu vya maumbo mbalimbali majini ili kujua ni umbo gani hupata ukinzani mdogo. Majaribio hayo yalifanyika Greenland Dock, London, katika miaka ya 1790, na yalikuwa na faida kwa waunda meli. Mkewe Margaretta, aliyejua vizuri hesabu na elimu ya nyota, alishiriki katika kazi zake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1834, baada ya kifo cha kanali, na mwanawe Henry kwa mtambo wake binafsi wa uchapaji.

== Kuhamia South Lambeth ==

Wakati huo kiwanda kilikuwa mikononi mwa ndugu mwingine, John Hanbury Beaufoy. Ujenzi wa daraja la Waterloo, ulioanza mwaka 1811, ulihitaji barabara ya kulifikia upande wa kusini, na barabara hiyo ilipaswa kupita katika ardhi ya kiwanda. Kampuni ikahamia South Lambeth, karibu na Vauxhall, mahali palipokuwa na jumba la zamani la balozi wa Uholanzi, Noel de Caron. Huko palijengwa kiwanda kipya pamoja na nyumba ya mwenye kiwanda.

Baada ya John, biashara ilishikwa na Henry Benjamin Hanbury Beaufoy (1786–1851), mwana wa kanali. Alikuwa mtu wa mambo mengi. Mwaka 1811 alipanda angani kwa puto la gesi pamoja na James Sadler, akaandika kitabu kidogo cha safari hiyo. Alikusanya vipande vya shaba vya karne ya 17 ambavyo wenye maduka na vilabu vya London walivitoa kama chenji wakati sarafu ndogo za serikali zilipokosekana, kisha akaupa mji wa London mkusanyo huo. Hadi leo ni hazina kwa wanaochunguza historia ya mitaa na majina ya maduka ya zamani.

Lakini kwa watu wa Lambeth alikumbukwa kwa shule. Lambeth ya miaka ya 1840 ilijaa viwanda, moshi na watoto wasiosoma. Shule ya bure ya watoto wa mitaani ilikuwa imeanzishwa chini ya matao ya reli, ambako treni zilipita juu ya vichwa vya wanafunzi. Shule za aina hiyo ziliitwa shule za matambara, kwa sababu watoto walikuja na nguo walizokuwa nazo. Baada ya kufiwa na mkewe Eliza, Henry alitoa pauni 10,000 kujenga jumba la shule katika barabara ya Newport kwa ukumbusho wake, na fedha nyingine za kulitunza. Jumba lilifunguliwa mwaka 1851, na Henry alifariki mwaka huo huo.

== Saa nane kwa siku ==

Mark Hanbury Beaufoy (1854–1922) alikuwa mwenye kiwanda na pia mbunge wa Kennington kwa chama cha Liberal, kuanzia 1889 hadi 1895. Mwaka aliochaguliwa ulikuwa wa misukosuko ya wafanyakazi mjini London. Wafanyakazi wa viwanda vya gesi walipata siku ya kazi ya saa nane badala ya kumi na mbili, na mnamo Agosti makuli wa bandari waligoma kudai ujira bora. Waajiri wengi walisema kupunguza saa kutaua biashara. Beaufoy alikuwa mmoja wa waajiri wa mwanzo kuweka saa nane katika kiwanda chake mwenyewe, na kiwanda kikaendelea. Hoja ya aina hiyo ina uzito kuliko hotuba, kwa sababu mpinzani anaweza kwenda kuhesabu mapipa.

Aliongoza pia shirika la Kanisa la Anglikana la kutunza watoto wasio na makao. Jumba la shule la barabara ya Newport lilipobomolewa kwa sehemu kubwa ili kupanua reli mwanzoni mwa karne ya 20, ukoo ulishughulikia jengo jipya, Beaufoy Institute, lililofunguliwa mwaka 1907 katika barabara ya Black Prince kwa ajili ya kuwafundisha vijana ufundi.

Hata hivyo, jina la Mark Hanbury leo halijulikani kwa siki wala kwa Bunge. Mwaka 1902 alimwandikia mwanawe mkubwa shairi la mafunzo ya kushika bunduki bila kuhatarisha watu, liitwalo A Father's Advice. Wawindaji wa Uingereza hulitundika ukutani hadi sasa.

== Mwisho wa kampuni ==

Karne ya 20 ilikuwa ngumu kwa viwanda vya siki vya kiukoo. Asidi asetiki ya viwandani, iliyochanganywa na maji na kutiwa rangi ya hudhurungi, iliuzwa kwa bei ya chini kuliko siki ya kimea, hasa kwa wauza samaki na viazi vya kukaanga. Watengenezaji wa siki halisi walipigania jina lenyewe. Katika kesi ya Kat v Diment iliyoamuliwa mwaka 1950, mahakama ilikubali kwamba kuita kioevu hicho siki, hata kwa kuongeza neno la kusema hakikuchachushwa, ni kumdanganya mnunuzi. Tangu hapo Uingereza huuzwa kwa jina la kiungo kisichochachushwa.

Wakati wa hukumu hiyo Beaufoy haikuwa tena kampuni ya kujitegemea. Katika miaka ya 1930 iliunganishwa ndani ya British Vinegars Ltd. Kampuni nyingine iliyoingia humo, mwaka 1932, ilikuwa Sarson's, iliyoanzishwa London mwaka 1794. Kiwanda cha South Lambeth kilipigwa bomu na ndege za Wajerumani mwaka 1941, na George Beaufoy wa ukoo huo aliuawa.

Katika muungano huo jina lililochaguliwa kuendelea sokoni lilikuwa Sarson's. Kiwanda cha Sarson's karibu na daraja la Tower kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chapa ilipita mikononi mwa Nestlé na Premier Foods, na mwaka 2012 ikauzwa kwa Mizkan, kampuni ya Kijapani iliyoanza kutengeneza siki mwaka 1804. Siki yenyewe sasa hutengenezwa Middleton, karibu na Manchester.

== Majengo yaliyobaki ==

Sehemu ya kiwanda cha South Lambeth bado imesimama katika mtaa wa Regents Bridge Gardens na imegeuzwa makazi. Kipande kilichobaki cha shule ya barabara ya Newport ni jumba la maonyesho ya sanaa liitwalo Beaconsfield. Beaufoy Institute ilinunuliwa na jumuiya ya Wabudha, ambao hulitumia kama kituo chao cha London.